Tapu inakatika chini ya tundu kila spindo ikitaka kugeuka: stenlesi, invata na G33.1, niko Malindi

FundiWaBarani

Salaam aleikum mafundi wote, na wengine hamjambo. Niko Malindi, karakana yangu iko huku Barani, leo siku ya tatu nimekwama na nimemaliza tapu nne, zile za kukatia thredi ndani ya tundu. Ya nne imekatikia ndani sasa hivi na naandika hii nikiwa nimekaa mbele ya mashine.

Kazi yenyewe ni flanji za pampu za maji ya chumvi, zinaenda mashamba ya chumvi kule upande wa Gongoni. Stenlesi 316, flanji 12, kila moja matundu manne ya M8, kwa hiyo jumla thredi 48. Tundu halitokei upande wa pili, nimetoboa na drili ya 6.8 kwenda chini mm 22 na thredi naitaka mm 16. Mashine ni milingi ya zamani, kompyuta yake ya asili ilikufa nikaitoa nikaweka LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine kwa kompyuta. Mota ya spindo, yaani ile shafti inayozungusha tapu, ni kilowati 2.2, inaendeshwa na invata, lile boksi la kubadilisha kasi ya mota, inayokula stima ya kawaida ya 240. Enkoda, kile kihesabu mizunguko, ina mistari 1024 na nimeifunga kwenye spindo yenyewe sio kwenye mota. Programu ni S600 M3, yaani spindo izunguke mara 600 kwa dakika, halafu G33.1 Z-16 K1.25, amri ya kukata thredi: Z, ule mwendo wa juu-chini, ishuke mm 16 kwa pichi 1.25, yaani mm 1.25 kila mzunguko, basi.

Kinachotokea ni hivi, inashuka vizuri kabisa, sauti safi, inafika pale chini inapotakiwa kugeuka, nasikia tik ya relei ndani ya boksi, spindo haigeuki, inaendelea kuserereka ile ile njia yake na Z nayo inashuka nayo tu mpaka tak. Imekatika. Tapu nne, mchezo ni ule ule, mahali ni pale pale. Nimebadilisha duka la tapu, nimebadilisha oili, nimepanga upya kichwa. Nisaidieni manake mwenye kazi anapiga simu asubuhi na jioni.

Kijana_Gongoni

Pole sana kaka. Hizo tapu za siku hizi nyingi ni chuma laini, jaribu kutafuta zile za kobalti. Na kwa tundu lisilotokea chukua ile yenye mifereji ya kuzunguka, inavuta maranda juu. Ile ya ncha iliyochongwa mshazari inasukuma maranda mbele, hiyo ni ya tundu linalotokea, ukiitia kwenye tundu la kuziba maranda yanajaa chini na hapo lazima ikatike.

FundiWaBarani

Ninayo hiyo hiyo ya kuzunguka ndugu yangu, na maranda yanatoka juu marefu mazuri. Ndo maana nasema shida sio tapu.

BiHesabu

Kaka Barani, pole. Maswali matatu kabla hujagusa kitu. Invata imeandika nini kwenye kioo chake? Muda wa kupunguza mwendo umeuweka sekunde ngapi? Na enkoda unaisomesha na nini, kadi au ile poti ya zamani ya printa? Na tafadhali usizime swichi kubwa, ukizima lile kosa linafutika kwenye kioo na tutabaki kubahatisha.

FundiWaBarani

Dada nashukuru. Kusema kweli kila ikikatika nilikuwa nazima kwanza nipate kufungua koleti inayoshika tapu, kwa hiyo sikuwahi kuangalia kioo. Sasa hivi nimeangalia, inawaka kosa la volti kupanda wakati wa kupunguza mwendo. Nikaingia kwenye kumbukumbu ya makosa ya nyuma nikakuta hilo hilo, mara nne zimepangana. Muda wa kupunguza nimeuweka 0.4, nilitaka igeuke haraka. Enkoda inasomwa na kadi ya Mesa.

BiHesabu

Basi umeshaipata mwenyewe kaka, hiyo ndo inakula tapu zako.

Stima ya 240 ikishageuzwa ndani ya invata inakuwa kama volti 340 za moja kwa moja, imehifadhiwa kwenye zile kapasita. Ukiiambia spindo isimame ghafla, mota inageuka jenereta, ule uzito wote unaozunguka, puli, chaki, koleti, unarudisha nguvu ndani ya invata na haina pa kwenda, volti inapanda, ikifika kama 400 invata inajikinga inakata. Ikikata mota inakuwa huru, haina breki haina nguvu, inaserereka.

Sasa angalia upande wa programu. G33.1 haihesabu muda, Z inafuata enkoda. Spindo ikizunguka mara moja Z inashuka 1.25, ikizunguka tena inashuka tena. Ikifika -16 LinuxCNC inaamuru spindo igeuke, lakini Z inaendelea kuifuata mpaka isimame kweli na kuanza kurudi. Huo ndo utaratibu wake na ni utaratibu mzuri, ndo unaookoa meno ya thredi. Ila invata ikianza tu kuitii amri ya kugeuka, volti inapanda na inakata. Spindo inaserereka, Z inaifuata kwa uaminifu mpaka tundu linaisha. Kila kimoja kimefanya kazi yake sawasawa isipokuwa invata, na hakuna mtu aliyemwambia LinuxCNC kwamba invata imekata. Una waya wowote unaotoka invata kurudi kwenye kadi?

FundiWaBarani

Hakuna. Kwenda zipo, ya mbele, ya nyuma na ya kasi. Kurudi hakuna hata moja.

Sasa nimeelewa kwa nini hewani kwa S300 ilikuwa inageuka vizuri halafu kwa S600 mara inageuka mara haigeuki. Mimi nkadhani ni waya umelegea.

BiHesabu

Nguvu iliyomo kwenye kitu kinachozunguka inakwenda kwa kasi mara kasi. Ukipunguza kasi nusu, nguvu inabaki robo. Ndo sababu S300 ilipona.

Fanya hivi, pandisha Z juu kabisa mbali na kazi, chora alama kwenye chaki na peni nyeupe, piga S600 halafu ukate stima ya mota tu uhesabu inazunguka mara ngapi mpaka isimame yenyewe. Rudia kwa S200. Lete namba.

Mzee_wa_Lethi

Vijana wangu, mie nimekaa na mashine za Fanuc miaka mingi kule Mombasa kabla sijarudi nyumbani Malindi, niongeze kidogo. Kule amri za kukata thredi tulikuwa tunaandika M29 S200 halafu G84 na F250, F ndo kasi ya kushuka kwa dakika, manake mizunguko 200 mara pichi 1.25 ndo 250, na hiyo hesabu ukiikosea hata kidogo thredi imeharibika. Mtu akibadilisha S akasahau F ndo mwanzo wa msiba. Wengine wanatumia G95 wanaandika F1.25 tu, pichi yenyewe, hapo ukibadilisha kasi huhitaji kugusa F, mie napenda hiyo. Fanuc ina alamu zake za mambo haya, 741 inakuja pale spindo inapoachana na amri yake kupita kiasi ikiwa kwenye mwendo, 740 inapoachana nayo ikiwa imesimama. Ukiona 741 na tapu ni butu au maranda yamejaa, mashine inakwambia spindo inasukuma lakini haifiki. Wengi wanakimbilia kubadilisha parameta ili alamu isije tena, hiyo ni kosa kubwa, alamu imekuja kukuokoa wewe unaifunga mdomo.

Na S600 kwa M8 ya stenlesi ni kasi sana mwanangu. Hesabu, kipenyo 8 mara 3.14 mara 600, hiyo ni kama mita 15 kwa dakika. Kwa 316 na tapu ya kawaida ya chuma cha kasi mie siendi zaidi ya mita 5 au 6, ndo mizunguko 200 hivi. Stenlesi ukiisugua bila kuikata inakuwa ngumu hapo hapo, na tapu inayofuata inakuta ukuta.

FundiWaBarani

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia, nashuka S200.

Namba hizi hapa dada. Kwa S600 inachukua sekunde 3 kusimama yenyewe, nimehesabu mizunguko 15, nimerudia mara tatu, mara moja ikawa 14 na kitu. Kwa S200 ni sekunde moja, mzunguko mmoja na nusu hivi, haifiki miwili.

BiHesabu

Alhamdulillahi, sasa weka pichi. Mizunguko 15 mara 1.25 ni mm 18.75. Una nafasi kutoka 16 mpaka 22, yaani mm 6, na bado ile ncha ya tapu iko mbele. Kweli ikiwa ndani ya chuma inasimama mapema kuliko hewani, lakini ilikuwa inatafuta 18.75 na imekuta 6. Hakuna tapu ingepona hapo, hata ungenunua ya dhahabu.

Sasa S200, hata tuseme miwili kamili, ni mm 2.5. Kutoka 16 inafika 18 na nusu. Chini ni 22. Yaani kwa S200 hata invata ikikata katikati ya kugeuka tapu yako inabaki nzima ndani ya tundu, inakungoja. Hiyo ndo mimi naiita kasi salama, sio ile ya kwenye jedwali la duka, ni ile ambayo mambo yakiharibika bado una nafasi chini.

Kijana_Gongoni

Dada nimejifunza leo wallahi. Sasa si rahisi achukue ile relei ya kosa ya invata aifunge moja kwa moja kwenye emajensi stop? Invata ikikata tu mashine nzima inasimama, imeisha.

BiHesabu

Hapana kaka, na hapa naomba tusikilizane manake nimeona watu wengi wakifanya hivyo. Ukikata kila kitu, Z inasimama papo hapo, ina skrubu na breki. Spindo haisimami, ina uzito, itazunguka mara moja, mbili, tano. Z imegoma na tapu bado inazunguka, inataka kushuka haiwezi. Inang'oa meno au inakatika. Umebadilisha tu sababu ya kukatika.

Ukiwa katikati ya thredi kitu salama ni Z iendelee kuifuata spindo mpaka spindo yenyewe isimame. LinuxCNC wameliona hili, kuna mguu, yaani mahali pa kuingizia ishara, unaitwa motion.feed-inhibit, ukiuwasha mwendo wa kukata unakuwa sifuri, lakini ukiwa ndani ya mwendo uliofungamana na spindo inasubiri, haikati mpaka ule mwendo uishe. Hapo ndo pa kupeleka waya wa kosa. Ukiwa unatoboa na G1, mwendo wa kawaida wa kukata, au drili ya kawaida na invata ikakata, meza inasimama mara moja, drili iliyokufa haisukumwi. Ukiwa kwenye G33.1 Z inaendelea kuifuata spindo mpaka itulie. Spindo ikishatulia kabisa ndo unabonyeza kusitisha programu.

Na usitegemee spindle.0.at-speed, ile ishara ya kwamba spindo imefika kasi yake, ikufanyie hiyo kazi. Ile inaangaliwa mwanzo, kabla ya kuanza kukata na kabla ya kuanza mwendo wa kufungamana. Ukishaanza haiulizwi tena. Spindo inaweza kufa katikati ya kutoboa na yenyewe ikanyamaza.

Mzee_wa_Lethi

Mwanangu Bi Hesabu umesema sawa, lakini ile kitufe nyekundu ibaki inakata kila kitu. Mkono wa mtu ukishikwa hakuna anayehesabu tapu. Niliwahi kumuona kijana mkono wa shati umeshikwa na chaki, tukabonyeza, ikasimama, tapu iliharibika na kazi iliharibika na yeye alikwenda nyumbani na mkono wake. Msichanganye mambo mawili, kosa la invata ni habari ya mashine, kitufe nyekundu ni habari ya mtu.

BiHesabu

Sawa kabisa mzee. Kitufe kisiguswe.

MwanaMatondoni

Assalaam aleikum, mimi niko Lamu, tunatengeneza mashini za mashua na vifaa vyake. Nimesoma yote. Fundi wa Barani, nina mawili.

La kwanza enkoda. Huku kwetu chumvi ya hewa ni kali kama huko kwenu, na mara mbili nimepata kosa la spindo likanisumbua wiki nzima kumbe ni konekta ya enkoda, miguu imeota kutu ya kijani, ukiitikisa inasoma, ukiiacha inapoteza. Fanya jaribio hili, zima mota, fungua spindle.0.revs, hesabu ya mizunguko ya spindo, kwenye kioo, zungusha spindo kwa mkono mara 10 kamili mpaka alama irudi pale pale. Isome 10 kamili. Ikisoma 9.98 enkoda inapoteza. Ikisoma zaidi ya 10 kuna kelele za stima zinaingia. Halafu rudia mota ikiwa inazunguka, manake wakati mwingine kwa mkono ni sawa na invata ikiwaka inaharibika, ndia ya waya wa enkoda imepita ubavuni mwa waya wa mota. Zitenganishe, na ile shildi ifunge ethi upande moya tu.

Na kama mashini inakaa tu na spindo inazunguka, haishuki kabisa, inangoja, basi ule mstari wa moya kwa kila mzunguko haufiki. G33.1 inaanzia pale unapopita, usipopita itangoja mpaka kesho.

La pili ni hiyo tapu iliyobaki ndani. Ungekuwa na shaba ningekwambia kitu. Mwezi uliopita nilikatikiwa na M6 ndani ya nati ya shaba ya rafadha, kipande kizito na cha bei, sikutaka kukitupa. Nimechukua shabu, hii hii shabu ya dukani wanayosafishia mayi, nimeiyeyusha nyingi kwenye mayi ya moto, nimekiweka kile kipande ndani ya sufuria kuukuu juu ya makaa ya moto mdogo na nikaongeza mayi yakipungua. Shabu inalamba chuma, shaba haiigusi. Kiko kwenye sufuria sasa ni siku ya pili. Ila wewe ni stenlesi, usijaribu, kazi yako nayo ni ya chuma.

Kijana_Gongoni

Maalim wa Lamu, enkoda yangu mimi nimeifunga kwenye mota, spindo inaendeshwa na mkanda. Kuna ubaya?

MwanaMatondoni

Mkanda wa meno hauna neno, unaandika tu uwiano wa puli vizuri. Mkanda wa V unateleza. Ukiteleza kidogo wakati wa kukata kawaida huoni, wakati wa thredi mota imezunguka na spindo imebaki nyuma, Z inashuka kwa hesabu ya mota. Na hata huo wa meno, puli zikiwa si sawa ule mstari wa kila mzunguko unakuwa wa mota si wa spindo, ukitaka kurudi kwenye thredi ile ile mara ya pili hutaipata. Enkoda ifungwe kwenye spindo.

BiHesabu

Naongeza moja kwa wale wanaosoma enkoda na poti ya printa. Mistari 1024 kompyuta inaihesabu mara nne, inakuwa 4096 kwa mzunguko. S600 ni mizunguko 10 kwa sekunde, hiyo ni 40,960 kwa sekunde. Poti ya printa haiwezi kukimbia hivyo, itaruka, na utaona thredi zimekaa kama zimekatwa na mlevi. Barani ana kadi kwa hiyo yeye hana shida hiyo.

FundiWaBarani

Nimerudi. Naandika kwa mpangilio wa nilivyofanya ili mwenye shida kama yangu aione.

Kwanza ile iliyokatika. Ilikuwa imekatikia chini ya uso kama mm 3, hakuna pa kushika. Nimeweka mili ya kabaidi ya mm 4, kile kisu kigumu cha kusagia chuma, nimeishusha polepole sana katikati ya tapu, sehemu ya kumi ya milimita moja kila hatua, hewa ya kompresa ikipuliza muda wote. Kiini cha tapu kikaisha, vile vipande vitatu vya pembeni vikalegea nikavitoa na sindano. Saa moja na nusu kwa tundu moja. Meno ya juu yamekwaruzika lakini bolti inashika.

Pili enkoda. Kwa mkono mara 10 ikasoma 10 kamili. Mota ikiwa imewaka ikasoma sawa pia. Lakini nimefungua konekta kwa sababu ya maneno ya ndugu wa Lamu, na miguu miwili kati ya minane imeanza kuwa kijani. Nimeisafisha na brashi ya mswaki na spirit, nimepaka grisi ya konekta na kuizungushia mpira. Karakana yangu haiko mbali na bahari, asubuhi ukigusa meza ya mashine unapata unyevu wa chumvi kidoleni, na sijui kwa nini sikuwahi kufikiria kwamba ule unyevu unaingia mpaka kule.

Tatu invata. Ina miguu miwili ya rezista ya breki ambayo haijawahi kufungwa kitu. Nimesoma kitabu chake, kimeandika omu za chini kabisa zinazoruhusiwa, na nimekwenda kununua iliyo juu kidogo ya hiyo, kuweka ya chini ya ile waliyoandika unaichoma transista ya breki. Nimeifunga kwenye bati nje ya boksi, mbali na mbao, manake inapata moto. Halafu nimeruhusu breki kwenye parameta na kuzima ile ya kurefusha muda yenyewe volti ikipanda, ile inaahirisha kusimama bila kukwambia na kwa thredi haifai.

Nne waya wa kurudi. Invata ina relei ya kosa, nimechukua upande unaokuwa umefunga wakati kila kitu ni sawa na unafunguka likija kosa, hivyo hata waya ukikatika au panya akiutafuna mashine inahesabu ni kosa. Nimeupeleka kwenye mguu wa kadi, nikaugeuza ndani ya HAL, ile sehemu ya LinuxCNC ya kuunganisha ishara, nikaufunga na motion.feed-inhibit. Na nimeweka taa nyekundu juu ya kioo ili nijue ni invata imekata, sio mimi nimesahau kubonyeza kuanza.

Tano nimejaribu hewani kabla ya kugusa chuma. S200, M8, mara 20 mfululizo, inasimama kwa sekunde 0.4 ndo inageuka, na nimepima inapita chini ya -16 kwa 0.83 hivi. Halafu nimeilazimisha ikose, ikiwa inashuka nimechomoa kamba ya kosa la nje, ile invata ikiikosa inahesabu ni kosa na kuiachia mota. Spindo ikaserereka, Z ikaifuata taratibu, ikasimama nayo pamoja, taa nyekundu ikawaka. Nilisimama nikaiangalia tu, nikairudia mara tatu zaidi.

BiHesabu

Mashallah kaka. Hiyo 0.83 inakwenda na hesabu kabisa, mizunguko 3.33 kwa sekunde, nusu yake mara 0.4 ni theluthi mbili ya mzunguko, mara 1.25 ndo hiyo 0.83.

Likitokea kosa kweli ukiwa ndani ya tundu usimuamshe Z kwa vitufe. Sitisha programu, legeza nati ya koleti kwa spana mbili, tapu ibaki ndani ya kazi, pandisha Z, halafu shika tapu kwa mkono wa tapu urudi robo robo. Ukitaka kurudi kwenye tundu lile lile G33.1 inaanzia mstari ule ule wa enkoda kwa hiyo inaingia kwenye meno yale yale, sharti tapu iwe imekaa kwenye koleti ile ile njia na urefu ule ule, na ukiitoa haitakaa tena sawa. Hilo tundu malizia kwa mkono.

Kijana_Gongoni

Kaka, na ile chaki ya tapu inayocheza juu chini? Mimi nimeambiwa ukiwa nayo huhitaji haya yote.

Mzee_wa_Lethi

Ile ina springi ndani, inanyonya tofauti ndogo kati ya spindo na Z, milimita chache tu. Mashine isiyo na enkoda inaihitaji. Lakini invata ikikata na spindo ikaserereka mizunguko 15 hakuna springi ya kunyonya hiyo. Barani akitaka aiweke, haidhuru, ila kwanza awe amefanya haya aliyofanya.

FundiWaBarani

Nimemaliza. Nimeanza juzi baada ya adhuhuri, tundu la kwanza nimekaa mkono juu ya kitufe nyekundu, jasho linanitiririka. Likashuka, likageuka, likapanda. Nikasafisha maranda, nikaweka oili, la pili. La kumi nikaondoa mkono kwenye kitufe. Jana asubuhi stima ilipungua, taa za dukani zikafifia, na tapu ilikuwa ndani ya tundu la thelathini na moja inapanda. Invata ikakata kwa volti kushuka, taa nyekundu ikawaka, Z ikafuata robo ya mzunguko ikatulia. Nikafanya kama dada alivyosema, nikalegeza koleti, nikaitoa kwa mkono, meno safi kabisa.

MwanaMatondoni, ile tapu yako ya kwenye shabu imefikia wapi?

MwanaMatondoni

Imetoka leo alfajiri. Ilikuwa nyeusi, imekonda kama mti wa kiberiti, nimeigonga na msumari ikaporomoka yote. Meno ya shaba yako vile vile, nimepitisha tapu mpya kwa mkono tu kusafisha na nati imerudi kwenye rafadha.

FundiWaBarani

Alhamdulillahi. Flanji zangu zimechukuliwa asubuhi hii na tuktuk, mwenyewe alikuja na bolti zake za M8 kwenye mfuko, akazijaribu tundu moja moja kwa vidole hapo hapo mlangoni, zote 48. Lile lililokatikiwa tapu nilimuonyesha mwenyewe kabla hajaanza, akaifunga bolti akaifungua mara mbili, akasema hilo litakaa upande wa juu wa pampu ambapo halibebi sana. Tapu iliyokata bado iko kwenye koleti.